Sikio la Mwanafunzi: Historia ya Kusikiliza Kiingereza Katika Unguja

Wahenga walisema kwamba kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Methali hii aghalabu hutajwa kwa ajili ya watu wakaidi, wapewao nasaha wakaziacha zipite. Lakini iko maana nyingine ndani yake ambayo mwalimu wa lugha haifai aipuuze, nayo ni kwamba kusema na kusikiliza ni kazi mbili, na kuwapo kwa moja hakuthibitishi kuwapo kwa nyingine. Mwalimu aweza kusema saa nzima mbele ya watoto wenye masikio mazima, na mwisho wa saa ikawa maneno yamesemwa lakini hayakusikilizwa. Insha hii yataka kuitazama kazi hiyo ya pili, kama ilivyofunzwa na kama ilivyoachwa bila kufunzwa katika kisiwa cha Unguja, tangu Kiingereza kilipofika bandarini hata leo.

Lililonifanya nishike kalamu ni somo moja nililolitazama katika skuli moja ya Mji Mkongwe. Ni desturi ya vyuo vya ualimu kwamba mwanafunzi apelekwapo skuli kwa mazoezi, mkufunzi humfuata, akakaa nyuma ya darasa na daftari lake, akatazama. Kazi yangu mimi ni Kiswahili, wala si Kiingereza. Siku ile nilikwenda badala ya mwenzangu aliyepata udhuru. Huenda ndiyo sababu niliyaona mambo ambayo mzoefu angeyapita.

Darasa lilikuwa ghorofani, na madirisha yake yaliangalia uchochoro mwembamba ambamo pikipiki hazikomi kupita. Mwalimu, binti mtulivu aliyejitayarisha vema, aliandika maswali matano ubaoni, akaweka mezani spika ndogo iliyounganishwa na simu yake, akawaambia wanafunzi wasikilize. Ikatoka sauti ya mwanamume na mwanamke wa Uingereza wakizungumza katika kituo cha gari la moshi: gari laondoka saa ngapi, na nauli ni kiasi gani. Sauti ilipigwa mara ya kwanza, darasa likanyamaza. Ikapigwa mara ya pili, wachache wakaandika. Mwalimu alipouliza nauli ni pauni ngapi, nusu ya darasa ilisema 50 na nusu nyingine 15. Akasema, "Sikilizeni vizuri," akaipiga mara ya tatu. Majibu hayakubadilika. Ndipo akafungua kitabu, akayasoma mazungumzo yote mwenyewe, polepole, neno baada ya neno, na watoto wote wakapata 15.

Kwa sura ya nje somo lilikwisha salama. Lakini tuliulize swali moja: watoto wale walifunzwa nini? Walipimwa kama waweza kusikia, wakaonekana hawawezi. Wakaambiwa wasikilize vizuri, bila ya kuambiwa uzuri wenyewe ni upi. Na mwisho somo la kusikiliza likageuzwa kuwa somo la kusoma. Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, John Field, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu kusikiliza darasani. Alionyesha kwamba masomo mengi yaitwayo ya kusikiliza ni mitihani midogo tu, na kwamba jibu lililokosewa lina faida kubwa kuliko lililopatikana, maadamu mwalimu atafuatilia kosa limetoka wapi. Basi na tulifuatilie kosa la 15 na 50, kwani limetoka mbali.

Kiswahili kina mkazo usiohama. Neno liwe refu au fupi, sauti huelemea silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema kitábu, na tukiongeza kiambishi twasema kitabúni, na sikio la Mswahili halihitaji kuuliza uzito uko wapi, kwa kuwa lajua tangu utotoni. Kiingereza hakina ahadi hiyo. Kati ya neno la 15 na neno la 50 katika lugha hiyo, tofauti kubwa ni mahali pa mkazo: la kwanza huelemea mwisho, la pili huelemea mwanzo. Tena neno la 15 huishia kwa konsonanti, na maneno yetu ya asili huishia kwa vokali. Basi mtoto wa Unguja alisikiapo neno hilo, sikio lake hulipeleka uzito mahali palipozoeleka, yaani silabi ya kwanza, na ile konsonanti ya mwisho huipokea kwa shida. Hapo 15 imekwisha kuwa 50. Mtoto hakukosa kusikiliza. Alisikiliza kwa Kiswahili.

Kwamba sikio husikia kile linachokijua si jambo geni katika kisiwa hiki. Watoto wa darasa lile hawajapata kuona gari la moshi, wala hakuna aliyewaambia kwamba Unguja ilikuwa nalo. Kampuni moja ya Kimarekani ilitandika reli kutoka mjini hadi Bububu, mwendo wa maili 7 hivi, na gari likaanza kwenda mwaka 1905, likipita karibu sana na milango ya watu. Katika miaka ya 1920 reli hiyo ikafa. Wengi hadi leo husimulia kwamba Bububu imepewa jina kwa mlio wa gari hilo. Hadithi ni tamu, lakini Sayyida Salme binti Said alikwisha kuitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya gari kupiga mlio wowote. Watu walilisikia gari, wakasikia ndani yake jina walilokuwa nalo tayari. Na mtoto wa darasa lile alifanya vivyo hivyo na nauli ya pauni 15.

Yafaa sasa turudi nyuma zaidi. Kiingereza hakikuingia Unguja kwa kitabu, kiliingia kwa sikio. Manowari za Waingereza zilitia nanga mbele ya mji miaka mingi kabla ya skuli kujengwa, na mabaharia walitaja jina la chombo chao katika lugha yao, watu wa pwani wakalidaka, wakalitia vokali za kwao, na neno manowari likazaliwa. Baiskeli ni neno la sikio: lau lingeingia kwa njia ya jicho, kwa kufuata herufi zake za Kiingereza, lingekuwa na sura nyingine kabisa. Shati na kabati vilevile yalipewa vokali ya mwisho na watu ambao huenda hawakupata kuyaona yameandikwa. Hata neno skuli lenyewe, tunalolitumia visiwani, ni Kiingereza kilichosikiwa, hali wenzetu wa bara walilipata neno shule kutoka Kijerumani. Mtu aweza kuyatazama maneno haya kama makosa ya matamshi. Mimi nayaona kuwa ushahidi: wazee wetu walisikiliza, wakachukua walichokihitaji, wakakiweka katika mizani ya lugha yao.

Wakati huohuo palikuwapo mgeni aliyekuja kusikiliza upande wa pili. Mwaka 1864 Askofu Tozer wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza alifika Unguja, na pamoja naye Edward Steere. Steere hakukuta sarufi ya Kiunguja iliyokwisha kutengenezwa, kwani kazi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1850, ilitoka katika Kiswahili cha Mombasa. Ilimlazimu akae na wenyeji wamsimulie hadithi, naye aandike kama alivyosikia, arudie, asahihishwe, aandike tena. Mwaka 1870 zilitoka kazi zake mbili mashuhuri, mwongozo wa lugha na mkusanyiko wa hadithi za Waswahili kama zilivyosimuliwa na watu wa Unguja. A. C. Madan akafuata njia hiyohiyo. Mwaka 1887 alitoa kitabu cha habari walizoziandika wavulana wa skuli ya Kiungani juu ya makwao na jinsi walivyotekwa, na baadaye kamusi zake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, ulikuwapo msingi uliowekwa na watu waliokubali kukaa chini wakasikiliza.

Na wale wavulana wa Kiungani? Wa kwanza wao walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wakakabidhiwa misheni. Walikuja na lugha za Kiyao, Kinyasa na nyinginezo, wakajifunza Kiswahili, kisha wakafunzwa Kiingereza. Kutoka kwao alipatikana John Swedi, na akapatikana Cecil Majaliwa, aliyepata ukasisi mwaka 1890. Watoto hawa waliishi pamoja na walimu wao mchana na usiku, wakasali nao, wakaimba nao, wakala nao. Sikio lao lilipata chakula kila saa, na Kiingereza hawakukisikia kwa dakika 40 tu za ratiba. Sisemi kwamba maisha yale yalikuwa mema, maana yalianza kwa kutekwa nyara, na mtoto hakuulizwa kama apenda. Nasema tu kwamba lugha haikuingia kwao kwa muujiza.

Skuli za serikali zilipoanza mwanzoni mwa karne ya 20 hali ikawa nyingine. Wazee wa Unguja walisita kuwapeleka watoto wao, kwa hofu kwamba watatolewa katika dini, mpaka Kurani na Kiarabu vilipopewa nafasi katika mafunzo. Hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa elimu hulipita upesi. Mtoto aliyetoka chuoni kwenda skuli hakuwa na sikio tupu. Chuoni alikaa mbele ya mwalimu akatamka aliyotamkiwa, na akikosea harufi akarudishwa. Alifunzwa kutenga sini na sadi, tini na taa, sauti ambazo katika Kiswahili cha kila siku huchanganywa bila ya madhara. Alifunzwa madi: kwamba vokali ikivutwa yawa kitu kimoja, na ikikatwa yawa kitu kingine, na kwamba maana yaweza kuharibika kwa kuvuta pasipotakiwa. Huo ni ufunzaji wa sikio, tena wa hali ya juu. Mtoto mwenye elimu hiyo angeweza kuonyeshwa kwa siku moja kwamba neno la Kiingereza la merikebu, "ship", na neno la kondoo, "sheep", hutengana kwa namna inayokaribiana na madi. Lakini skuli na chuo vilikaa kama majirani wasiosemezana, na mwalimu wa Kiingereza hakuuliza mtoto ameleta nini.

Badala yake Kiingereza kilifunzwa kwa ajili ya ukarani. Serikali ilihitaji watu wa kusoma barua, kuzijibu na kuzihifadhi. Na aliyesonga mbele alifanya mitihani iliyopelekwa kusahihishwa Cambridge, ambako karatasi ndiyo iliyosema kwa niaba ya mtoto. Jicho na mkono vilipata kazi kubwa, sikio likaachwa lijitafutie. Si kwamba vyombo havikuwapo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay akaimba mbele ya mashine, na sahani zake za santuri zikasikilizwa kote pwani, watu wakizirudia mpaka wameyashika maneno. Mwaka 1951 Sauti ya Unguja ilianza kutangaza, na mwaka 1957 idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza kusikika. Mji mzima ulikuwa ukisikiliza barazani na mikahawani. Darasani palikuwa na chaki.

Yalipotokea Mapinduzi ya Januari 1964, na elimu ikatangazwa kuwa bure mnamo Septemba 23 mwaka huo, mlango ulifunguliwa kwa watoto wa shamba na wa ng'ambo ya mji ambao zamani hawakuota kuingia. Kiswahili kikapata hadhi yake kikawa lugha ya kufunzia katika madarasa ya chini. Hayo yalikuwa ya haki, wala hakuna haja ya kuyaonea haya. Lakini Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kufunzia katika skuli za sekondari, na hivyo mtoto aliyekisikia kwa nadra alitakiwa, mara tu afikapo kidato, asikilize historia, jiografia na hesabu kwa lugha hiyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikajaribu kulitibu jambo hilo kwa kuagiza kwamba hesabu na sayansi zifunzwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Dawa ilikuwa kumtia mtoto majini mapema zaidi. Haikuagizwa kwa uzito uleule kwamba kwanza afunzwe kuogelea.

Hapa ndipo lile kosa la 15 na 50 linapoacha kuwa dogo. Katika somo la Kiingereza mtoto aliyesikia 50 hupoteza alama moja. Katika somo la hesabu lililosemwa kwa Kiingereza, mtoto huyohuyo atagawa 50 mahali pa 15, atakokotoa bila kosa, atapata jibu la uongo, na ataandikiwa kwamba hajui hesabu. Naye, kwa kuwa mtoto humwamini mwalimu wake, ataamini. Ni wangapi tuliowatoa katika njia ya sayansi kwa kosa la sikio, tukadhani ni kosa la akili? Hesabu yao haimo katika kitabu chochote.

Si haki kusema kwamba hapakufanyika lolote. Mwaka huohuo wa 2006 ulianza mradi, kwa msaada wa Marekani, wa kuwafunza watoto wadogo kwa redio, na vipindi vyake viliitwa Tucheze Tujifunze. Watoto ambao hawakuwa na skuli ya maandalizi karibu nao walikusanywa kijijini mbele ya redio, pamoja na mtu mzima wa kuwaongoza. Sauti ya redioni ilisema, ikaimba, ikauliza, kisha ikanyamaza makusudi ili watoto wajibu. Kiingereza kilikuwamo pamoja na hesabu na Kiswahili. Nakitukuza kile kimya cha redio kuliko maneno yake, kwa kuwa kilimpa mtoto nafasi ya kujua kama amesikia. Lakini ulikuwa msaada wa madarasa ya mwanzo. Mtoto akikua, tunadhani sikio lake limekua naye.

Na kwingineko kisiwani sikio laendelea kujifunza bila ya idhini yetu. Nenda Nungwi au Kiwengwa utawakuta vijana wasemao Kitaliano na watalii, ambacho hawakufunzwa na skuli yoyote. Nenda Forodhani jioni utasikia wauza pweza na wauza juisi ya miwa wakiuziana maneno na wageni kwa Kiingereza chepesi. Wengi wao ni haohao tuliowapa alama ya kuanguka. Wazee wao walilidaka neno manowari, nao wanadaka ya zama zao. Twaweza kuwacheka kwa sarufi yao, lakini kwanza tukiri kwamba wao husikia 15 ikawa 15, kwani asiyeisikia hula hasara siku hiyohiyo.

Jambo hili nililithibitisha katika darasa lile lile. Alikuwako msichana mmoja, aliyekaa karibu nami, ambaye aliandika 15 mara ya kwanza, wala hakubadilisha. Somo lilipokwisha nilimwuliza amejuaje. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Maalim, mwisho wake mzito." Basi. Hakujua neno mkazo kwa maana ya wanasarufi, lakini alikuwa na elimu yote iliyotakiwa katika somo lile, kwa maneno matatu ya Kiswahili. Mwalimu hakumwuliza, kwa sababu aliyepata jibu haulizwi, na aliyekosa huambiwa asikilize vizuri.

Nilipozungumza na mwalimu yule kivulini, nilimsimulia maneno ya mtoto. Akanyamaza, kisha akasema, "Maalim, mimi mwenyewe sijapata kufunzwa kusikiliza. Nilifunzwa kujibu." Sikuweza kumlaumu, na ripoti niliyoiandika juu yake ilikuwa njema. Lawama, kama ipo, yatuhusu sisi tuliomfunza, na waliotufunza sisi.

Nini basi kifanywe? Si mengi, wala si ya gharama. Kwanza, mwalimu akipata majibu mawili yanayogongana, ayaandike yote mawili ubaoni, awaulize wanafunzi wa kila upande walisikia nini hasa, kisha apige tena kipande kile kidogo tu, si mazungumzo mazima. Pili, atumie Kiswahili kueleza sauti za Kiingereza. Mtoto anayejua uzito wa kitabu na kitabuni, na anayeijua madi ya chuoni, ana mizani tayari mkononi. Ni israfu kumnyima ruhusa ya kupimia. Tatu, tumpe mtoto sauti za mahali anapopajua. Mazungumzo ya bandarini kati ya abiria na mkata tiketi wa boti ya Dar es Salaam yatamfunza nambari na saa kama yale ya kituo cha gari la moshi, bila ya kumtwika mzigo wa pili wa kukisia kituo ni kitu gani.

Wako watakaosema kwamba mimi, mtu wa Kiswahili, najitia katika kazi isiyo yangu. Nawajibu kwamba ni yangu, maana tangu mwaka 1979 ilipoanzishwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni hapa Unguja, tumewapokea wageni kutoka pande zote za dunia, na hatukumwambia hata mmoja wao asikilize vizuri tukamwacha hapo. Tumemkalisha barazani, tumemsemeza polepole, tumemrudishia neno, tumecheka naye alipokosea, tukalitafuta kosa lake lilikotoka. Babu zetu walimfanyia hivyo Steere. Subira tuliyompa mgeni aliyekuja kujifunza lugha yetu, mtoto wetu anayejifunza lugha ya mgeni hatujampa bado.